Ngome ya Hormuz: Mizinga Tele, Maji ya Kuletewa

Katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Hormuz, kama kilomita 8 kutoka pwani ya Iran, yapo magofu ya ngome ya mawe mekundu. Wareno waliianza mwaka 1507, wakaiacha haijamalizika, wakairudia mwaka 1515 na kuishika hadi mwaka 1622. Waliiita Nossa Senhora da Conceição, mojawapo ya majina ya Bikira Maria. Pamoja na Goa na Malacca, Hormuz ilikuwa nguzo ya utawala wa Ureno katika Bahari ya Hindi, na kuanguka kwake kulifungua mlolongo wa matukio uliofikia kushushwa kwa bendera ya Ureno Mombasa.

Kusema kwamba ngome hii ililinda Mlango wa Bahari wa Hormuz ni kusema kwa mkato. Mlango huo unaiunganisha Ghuba ya Uajemi na Ghuba ya Oman, na hata panapobana upana wake unakaribia kilomita 40, ng'ambo ikiwa rasi ya Musandam. Mzinga wa karne ya 16 ulirusha tufe lake kilomita moja au mbili, na kwa umbali huo kupata shabaha kulikuwa bahati nasibu. Hakuna merikebu iliyoogopa kupita mlangoni kwa sababu ya mizinga ya ukutani. Iliyoogopwa ni merikebu za kivita za Wareno zilizotia nanga chini ya ukuta ule. Ngome ilizitunza merikebu hizo, ikalinda bandari na, kuliko vyote, ikalinda nyumba ya forodha.

Kisiwa chenyewe hakina mvuto kwa mtu anayetafuta mahali pa kuishi. Kina eneo la kilomita za mraba zipatazo 42, na sehemu kubwa ni kilima cha chumvi kilichosukumwa juu kutoka chini ya ardhi, kikabeba udongo wenye madini ya chuma uliokolea wekundu. Baada ya mvua, maji yanayoteremka ufukweni huwa kama damu. Wenyeji wana mchuzi wao wanaouita suragh, wa dagaa waliochachuliwa pamoja na udongo huo mwekundu, ambao hupakwa juu ya mkate. Lakini mito hakuna, na mashamba ya maana hakuna. Visima ni vichache na maji yake ni ya magadi. Joto la kiangazi ni kali kiasi kwamba matajiri wa zamani walihamia bara miezi hiyo na kurudi hali ya hewa ikitulia.

Watu hawakuhamia hapo kwa kupenda. Hormuz ya kwanza ilikuwa bara, upande wa Minab, na ndiyo aliyoitaja Marco Polo. Karibu na mwaka 1300, mashambulizi ya wapanda farasi kutoka kaskazini yalizidi, na mfalme Baha al-Din Ayaz akawahamishia watu wake kisiwani, ambako bahari ilitosha kuwa ukuta. Uamuzi huo uliutajirisha mji. Farasi wa Uarabuni na Uajemi waliopelekwa kwa wafalme wa India walipitia hapo, na vilevile lulu za Bahrain, hariri na viungo. Wafalme wa Hormuz walitawala pia miji ya pwani ya Oman, ikiwamo Qalhat na Maskati. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita Hormuz pia katika safari zake na kuukuta mji wa masoko yaliyojaa bidhaa. Karne moja hivi baadaye, merikebu za Mchina Zheng He zilitia nanga Hormuz katika mfululizo uleule wa safari uliozifikisha Mogadishu, Barawa na Malindi.

Chakula na maji ya kunywa vililetwa kwa mashua kutoka bara na kutoka Qeshm, kisiwa kikubwa cha jirani. Kila nyumba ya maana ilikuwa na birika la kuhifadhi maji ya mvua, na mvua yenyewe ni haba. Mji wenye maelfu ya watu uliishi kwa maji ya kuletewa, na yeyote ambaye angejenga ngome hapo angeurithi udhaifu huo.

Wareno walifika wakiwa wametoka Afrika Mashariki. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Mwaka 1507 msafara wa Tristão da Cunha, Afonso de Albuquerque akiwamo, uliipora Barawa kisha ukateka ngome ya Socotra. Hapo Albuquerque akajitenga na merikebu chache na watu wasiofika 500, akaelekea pwani ya Oman. Qalhat iliafikiana naye. Quriyat, Maskati na Khor Fakkan ziliadhibiwa kwa moto na upanga. Alipoingia bandari ya Hormuz mwishoni mwa Septemba 1507, habari zake zilikuwa zimemtangulia.

Mfalme wa Hormuz alikuwa mtoto wa umri wa miaka kumi na kitu. Aliyetawala kwa jina lake ni waziri, Khwaja Attar, mtu mwerevu ambaye hata waandishi wa Kireno waliomchukia walikiri akili zake. Alikuwa na merikebu nyingi kuliko mgeni wake, lakini zilisongamana bandarini na mizinga ya Wareno ikazipiga kwa karibu. Idadi ya wapiganaji wa Hormuz inayotajwa katika vitabu vya Kireno imetiwa chumvi. Matokeo hayana shaka. Waziri aliomba amani, akakubali kodi ya sarafu za ashrafi 15,000 kwa mwaka na kiwanja cha kujenga ngome. Kumbukumbu za Kireno zinasimulia kwamba mjumbe wa Shah Ismail wa Uajemi alipokuja kudai kodi yake ya kawaida, Albuquerque alimpa matufe ya mizinga na kumwambia kwamba Hormuz sasa italipa kwa sarafu hiyo.

Ujenzi ulianza Oktoba mwaka huohuo, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Manahodha wa Albuquerque, João da Nova akiwa miongoni mwao, hawakuja Mashariki kubeba mawe na kuchanganya chokaa juani. Walikuja kuvizia merikebu zenye mali, na kila siku waliyokaa Hormuz waliiona kuwa hasara mfukoni. Mabaharia kadhaa walitorokea mjini, wakamweleza Khwaja Attar jinsi Wareno walivyo wachache. Waziri akakataa kuwarudisha, na vita vikazuka tena.

Albuquerque akaishika silaha aliyoiona wazi mbele yake. Alizizuia mashua za maji kutoka Qeshm, na visima vya Turumbaque, vilivyo kisiwani, akavijaza mizoga na maiti ili maji yaharibike. Mji ulianza kuumia kwa kiu. Lakini Januari 1508 manahodha watatu walimtoroka na merikebu zao, wakaenda India kumshtaki kwa Almeida, ambaye sasa alikuwa mwakilishi wa mfalme wa Ureno huko. Mzingiro ukavunjika. Kuta zilizofika nusu zikabaki mikononi mwa Khwaja Attar.

Albuquerque alirudi mwaka 1515, safari hii akiwa gavana mwenye Goa na Malacca mkononi na kundi la merikebu zaidi ya 20. Hakuhitaji vita. Jumba la kifalme lilikuwa limegawanyika, na Rais Ahmad, mtu aliyekuwa amemshika mfalme mpya kama mateka, aliuawa mbele ya Wareno katika kikao kilichoitishwa kwa jina la mazungumzo. Ngome ikakamilishwa karibu na kasri la mfalme, mizinga yake ikitazama bahari upande mmoja na mji upande wa pili. Albuquerque aliugua huko, akasafirishwa kurudi India, na tarehe 16 Desemba 1515 akafariki akiwa melini, Goa ikiwa imeshaonekana.

Wareno hawakumwondoa mfalme. Walimwacha kwenye kiti chake wakawa wanamkamua. Mwaka 1521 maofisa wa Kireno walipoingizwa ndani ya nyumba ya forodha kuhesabu mapato, wenyeji waliona mpaka umevukwa. Usiku wa mwisho wa Novemba Wareno walishambuliwa Hormuz, Bahrain na katika miji kadhaa ya pwani ya Oman kwa pamoja. Walionusurika kisiwani walijifungia ngomeni. Mfalme Turan Shah aliutia mji moto, akahamia Qeshm na watu wake, na huko akauawa na wakubwa wake mwenyewe. Aliyemrithi alikubali mkataba wa mwaka 1523 uliopandisha kodi hadi ashrafi 60,000. Kufikia miaka ya 1540 forodha yote ilikuwa ya mfalme wa Ureno, kwa kuwa madeni ya kodi yalikuwa hayalipiki.

Ukapteni wa Hormuz ukawa cheo cha kugombaniwa Lisbon. Muda wake ulikuwa miaka mitatu, na mtu aliutumia kujitajirisha kwa biashara yake binafsi, jambo lililokatazwa kwenye karatasi na kuvumiliwa na kila mtu. Merikebu za wafanyabiashara zililazimika kununua hati ya kupitia baharini, cartaz, au zikamatwe. Mwaka 1583 wafanyabiashara Waingereza John Newbery na Ralph Fitch walifika kisiwani na siku chache baadaye wakatiwa kizuizini. Mtaliano mmoja aliyeogopa ushindani alikuwa amewachongea. Walipelekwa Goa. Kwa Wareno lilikuwa jambo dogo la kipolisi, ila Fitch alirudi nyumbani akiwa na habari nyingi za biashara ya Mashariki, na Waingereza wa baada yake hawakuja wawili wawili.

Kabla ya Waingereza walikuja Waturuki. Mwaka 1552 Piri Reis, mwanamaji aliyekuwa ameshajulikana kwa ramani yake ya dunia ya mwaka 1513, alitoka Suez na merikebu za Sultani, akaiteka Maskati na kuizingira Hormuz. Mji uliporwa. Ngome haikutikisika. Baruti ilipopungua, Piri Reis akaenda Qeshm, ambako matajiri wa Hormuz walikuwa wamekimbilia na mali zao, akajichukulia alichoweza kisha akaelekea Basra. Alirudi Misri na merikebu chache mno kuliko alizoondoka nazo, na uzee wake haukumsaidia: aliuawa Cairo kwa amri ya Sultani. Wareno nao waliipanua ngome yao katika miaka iliyofuata, wakaongeza minara ya pembeni ya mtindo wa Kiitalia iliyochongoka ili mizinga iweze kufagia kila upande wa ukuta. Handaki lilikatwa kuitenga na mji, na ndani ya ngome mabirika ya maji yalichimbwa na kuwekewa matao.

Waturuki hawakukata tamaa. Mir Ali Bey aliivamia Maskati mwaka 1581 na kuipora, kisha akageukia pwani ya Waswahili, ambako miji mingi ilimpokea kama mkombozi. Alikamatwa Mombasa mwaka 1589. Mashambulizi yake yalizaa ngome pande zote mbili za bahari: Maskati zikajengwa zile zinazojulikana leo kama Mirani na Jalali, na mwaka 1593 ukaanza ujenzi wa Fort Jesus kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Kwa hiyo ngome ya Mombasa ni mdogo wake ngome ya Hormuz, iliyojengwa kwa hofu ileile ya Waturuki.

Aliyeumaliza utawala wa Wareno katika mlango huo alikuwa Shah Abbas wa Uajemi. Alikwenda taratibu. Mwaka 1602 majeshi yake yaliichukua Bahrain, na mwaka 1614 yakauteka mji mdogo wa Gombroon, bara, mkabala na Hormuz. Alichokosa ni merikebu. Mnamo Desemba 1620 na Januari 1621, Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, iliyokuwa inanunua hariri kupitia bandari ya Jask, ilipigana na Wareno baharini na haikushindwa. Shah alitazama na kukokotoa.

Wareno walijua wapi panawauma. Mwaka 1621 Ruy Freire de Andrada alijenga ngome kwenye kisiwa cha Qeshm, kwenye visima vilivyoilisha Hormuz. Ilikuwa hatua ya busara kijeshi na ya uchokozi kisiasa. Imam Quli Khan, gavana wa Fars, aliizingira ngome hiyo kwa nchi kavu, kisha akawaita Waingereza na kuwawekea sharti: wasaidie kwa merikebu au wasahau hariri. Waingereza walisitasita, maana mfalme wao alikuwa na amani na Hispania, ambayo tangu 1580 ilikuwa na mfalme mmoja na Ureno. Hatimaye walikubali, kwa ahadi ya nusu ya nyara na sehemu ya mapato ya forodha.

Qeshm ilisalimu amri mwanzoni mwa 1622. Miongoni mwa Waingereza waliokufa hapo alikuwamo William Baffin, yule aliyepeleleza bahari za barafu kaskazini mwa Amerika, ambako ghuba moja inaitwa kwa jina lake. Alipigwa risasi akiwa anapima umbali wa ukuta ili mizinga ipate kulengwa. Ruy Freire alikamatwa. Baada ya Qeshm kuanguka, yaliyobaki yalikuwa suala la muda.

Mwezi Februari maelfu ya askari wa Uajemi walivushwa kwa mashua hadi Hormuz chini ya ulinzi wa merikebu za Kiingereza. Mji uliangukia mikononi mwao mara moja na Wareno wakajifungia ngomeni. Merikebu zao zilizokuwa chini ya ukuta zilipigwa mizinga moja baada ya nyingine; galeoni São Pedro iliteketea. Waajemi walichimba mashimo chini ya mnara wa pembeni, wakayajaza baruti, wakalipua na kuvamia kupitia ufa, lakini walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Ukuta ulikuwa bado unafanya kazi yake. Ndani, maji ya mabirika yalikuwa yameharibika na kupungua, ugonjwa wa kuhara ulikuwa unaua watu kuliko mizinga, na askari walikuwa hawamtii kamanda wao. Mwanzoni mwa Mei 1622, au mwishoni mwa Aprili kwa kalenda ya Waingereza wa wakati ule, Wareno walisalimu amri. Walichagua kujisalimisha kwa Waingereza kwa kuwahofia Waajemi, wakasafirishwa kwenda Maskati na Goa. Wenyeji Waislamu waliopigana bega kwa bega nao hawakupata nafasi hiyo. Wengi wao walikatwa vichwa.

Waingereza hawakufaidi walivyotarajia. Nyara ziligawanywa kwa ugomvi, na huko London Kampuni ililazimika kumlipa Mfalme James pauni 10,000 na mkuu wa jeshi la majini, Duke wa Buckingham, pauni nyingine 10,000, kana kwamba ilikuwa imefanya uharamia. Shah naye hakuufufua mji. Biashara aliihamishia Gombroon, akaipa jina la Bandar Abbas, na ufalme wa Hormuz ukafutwa. John Milton alipouchapisha utenzi wake wa Paradise Lost mwaka 1667, bado aliutaja utajiri wa Hormuz kama kipimo cha fahari, wakati mji wenyewe ulikuwa magofu kwa miaka 45.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki, mwaka 1622 una uzito mkubwa kuliko unavyopewa kwenye vitabu vya shule. Wareno walihamishia nguvu zao Maskati, wakajaribu kuirudisha Hormuz na wakashindwa. Bila mapato ya forodha ile, gharama za ngome za Oman zikawa mzigo. Maimamu wa ukoo wa Yaarubi waliwasukuma hatua kwa hatua: Nasir bin Murshid alianza, na Januari 1650 Sultan bin Saif akaitwaa Maskati pamoja na merikebu zilizokuwa bandarini. Wareno walikuwa wamewakabidhi adui zao kituo na vyombo vya baharini kwa mpigo. Mwaka 1652 Waomani walifika Zanzibar kwa mwito wa wenyeji, na kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 wakaizingira Fort Jesus. Huko nako ngome haikuvunjwa kwa mizinga. Maradhi na njaa vilimaliza watetezi hadi wakabaki wachache wa kuhesabika.

Historia ilizikutanisha ngome hizo mbili mara nyingine. Katika miaka ya 1790 Sultan bin Ahmad wa Maskati alikodi kutoka Uajemi mji wa Bandar Abbas na maeneo yake, Hormuz ikiwamo. Mwanawe, Sayyid Said bin Sultan, aliendelea kulipa kodi hiyo hata baada ya kuhamishia makao yake Zanzibar, na mwaka 1837 akawashinda Mazrui wa Mombasa. Kwa miaka kadhaa, hadi Waajemi walipowatoa watu wake Bandar Abbas mwaka 1854, magofu ya Hormuz na Fort Jesus vilikuwa chini ya mtawala mmoja aliyekaa Unguja. Kukodi huko kulifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1856, kukakoma kabisa mwaka 1868. Thamani ya Hormuz wakati huo ilikuwa chumvi yake na udongo mwekundu wa kutengenezea rangi.

Mlango wenyewe umerudi kuwa gumzo la dunia kwa sababu ya mafuta. Mwaka 2024, takriban mapipa milioni 20 yalipita hapo kila siku, kiasi cha moja ya tano ya matumizi ya dunia nzima. Ngome haina tena sehemu katika biashara hiyo. Watalii wa Iran huvuka kwa boti kutoka Bandar Abbas, wakapita kwenye lango lake, wakashuka hadi kwenye kanisa lililo chini ya usawa wa ua na kwenye birika lenye nguzo na matao, na kupiga picha kando ya mizinga iliyoshika kutu. Handaki limefukiwa na mchanga. Upande unaotazama bahari umeliwa na mawimbi na sehemu za ukuta zimeanguka majini, wakati birika, ambalo maji yake hayakutosha mwaka 1622, ni miongoni mwa sehemu zilizohifadhika vizuri zaidi.